Mbwa Hajui Mpaka

Mazungumzo kwa wenyeji wa Busia na Malaba juu ya kutembea na mbwa karibu na hifadhi na vinamasi



Jambo nitakalosema nanyi leo ni mbwa. Najua wako watakaocheka na kusema, "Sisi tuna shida ya barabara, na bei ya mahindi, na malori yaliyopanga foleni mpakani, naye atuletea habari za mbwa!" Nawaombeni mnisikilize mpaka mwisho. Jambo hili laonekana dogo kwa sababu mbwa yuko kila mahali, na kitu kilicho kila mahali macho hukizoea hata yakaacha kukiona. Lakini mbwa asiyeangaliwa aweza kumwua mtoto, aweza kuwamaliza wanyama wa kinamasi, na aweza kuwagombanisha majirani waliokaa kwa amani tangu zamani za babu zao. Na sehemu kubwa ya madhara hayo yaweza kuzuiwa kwa kamba ya pima moja na sindano moja kwa mwaka.

MIPAKA YETU NI MINGI

Sisi watu wa hapa twaijua mipaka kuliko watu wengi. Mpaka baina ya nchi hii na Uganda ulisogezwa mwaka 1902, wakati iliyokuwa sehemu ya mashariki ya Uganda ilipotiwa katika nchi ambayo baadaye iliitwa Kenya. Wateso wakajikuta wako pande zote mbili, na Wasamia vivyo hivyo. Neno "boda boda", ambalo sasa husemwa katika Afrika Mashariki nzima, lilizaliwa hapa hapa mpakani, kwa vijana wa baiskeli waliovusha wasafiri na mizigo kutoka upande huu hata upande ule. Mwezi wa Februari 2018 marais wa nchi zote mbili walifungua rasmi kituo cha pamoja cha Busia, ambapo msafiri humaliza shughuli za nchi mbili mahali pamoja.

Basi msafiri huonyesha kitambulisho chake. Dereva wa lori huonyesha hati za mzigo. Ng'ombe wa biashara hutakiwa karatasi ya afya. Mbwa naye je? Kwa utaratibu uliowekwa, mtu anayevusha mbwa yampasa awe na cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa, pamoja na kibali cha idara ya mifugo. Lakini mbwa asiye na mtu wa kumshika hapiti kituoni. Hupita katika shamba la mihogo, huvuka Mto Malaba au Mto Sio maji yakipungua, hula katika jaa la soko la upande wa pili, akarudi nyumbani jioni ameshiba. Bwana wake hajui alikokwenda, wala hajui alikutana na nani huko.

Tena uko mpaka wa namna nyingine, nao ni mpaka wa hifadhi. Mto Sio, ambao sehemu yake ya chini ndiyo mpaka wa nchi mbili, huingia Ziwa Victoria karibu na Sio Port. Kandokando yake kimetanda kinamasi cha Sio-Siteko, chenye mafunjo na matete, na kinamasi hicho ni cha Kenya na cha Uganda pia. Upande wa Teso Kaskazini iko miamba ya Kakapel, yenye michoro ya watu wa kale, inayotunzwa na Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Mwaka 2024 wataalamu walitangaza kwamba katika udongo wa pango la Kakapel zilipatikana kunde zilizokadiriwa kuwa na umri wa miaka 2,300 hivi. Mahali kama hapo huja wageni, na watoto wa shule huja na walimu wao.

Mahali hapa pote hapana ukuta wa mawe. Pengine pana bango, lakini bango husomwa na mtu, mbwa hasomi. Hajui mahali shamba linapokwisha na hifadhi inapoanza, kama asivyojua mahali Kenya inapokwisha na Uganda inapoanza. Mpaka wa mbwa ni mtu aliyeishika kamba yake. Hilo ndilo neno langu kubwa la leo, na yote yatakayofuata ni kulieleza tu.

NZOHE NA MBWA

Nitaanza na wanyama wa mwitu. Katika vinamasi vya magharibi mwa Kenya huishi mnyama aitwaye nzohe. Yeye ni jamii ya kulungu na tandala, lakini Mungu amemwumbia maji. Kwato zake ni ndefu na hupanuka, hata aweza kukanyaga matope na mafunjo yaliyolala bila kuzama. Akiona hatari huingia majini akajificha, akaacha pua tu juu ili apate kuvuta pumzi. Kwa ajili ya mnyama huyu Serikali ya Kenya ilitenga Hifadhi ya Taifa ya Saiwa Swamp, karibu na Kitale, mwaka 1974. Ndiyo hifadhi ya taifa iliyo ndogo kuliko zote nchini, kwa kuwa eneo lake ni kilomita za mraba 3 hivi tu. Nzohe yuko pia katika kinamasi cha Yala, na mwaka 2010 Ziwa Kanyaboli lililo huko lilitangazwa kuwa hifadhi.

Nzohe ana njia zake katika mafunjo, naye huzipita njia zile zile siku zote. Mtu peke yake aingiapo matopeni hawezi kumfuata. Lakini mbwa ni mwepesi, na pua yake haikosei. Ndiyo sababu wawindaji huwatia mbwa katika mafunjo, wao wakangoja upande wa pili na mikuki. Mbwa humtoa nzohe mahali ambapo angalikuwa salama, na mtoto wa nzohe, ambaye hulazwa juu ya mafunjo makavu mama yake aendapo malishoni, hana nguvu ya kukimbia hata kidogo.

Uwindaji wa namna hiyo ni kosa kwa sheria. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 haimruhusu mtu kuwinda hata kama asema ni kwa kitoweo cha nyumbani. Lakini leo sisemi na mwindaji peke yake. Nasema na mtu mwema aendaye mtoni kutega samaki, au kukata mafunjo ya kusukia mikeka, na mbwa wake yu nyuma yake. Mtu huyo hakukusudia kuwinda. Lakini mbwa amekusudia! Wahenga walisema, "Mbwa wa msasi mkali ni mkali pia". Nami naongeza kwamba hata mbwa wa mtu mpole ni msasi, akiachwa peke yake penye harufu ya mnyama. Ndege wataliao chini penye majani huacha mayai yao mbwa akipita karibu. Mayai yakipoa yamekufa, na bwana wa mbwa afika nyumbani akisema, "Leo hatukumdhuru mtu wala mnyama."

Mbwa hudhuru hata bila kuuma. Mwaka 1994, katika hifadhi ya Serengeti nchini Tanganyika ya zamani, ambayo sasa ni Tanzania, simba walianza kupepesuka na kufa. Ugonjwa ule uliua simba wapatao 1,000, yaani karibu thuluthi ya simba wote wa Serengeti. Wataalamu walipochunguza waliona kwamba ni distempa, ugonjwa wa mbwa wa kufugwa, na kwamba mbwa wa vijiji vya kandokando walikuwa nao. Katika milima ya Bale huko Ethiopia, mbweha wakubwa wekundu wasiopatikana penginepo duniani walikufa kwa wingi mwaka 2003 kwa kichaa cha mbwa kilichotoka kwa mbwa wa wachungaji. Ikiwa simba mwenyewe aweza kuangushwa na ugonjwa wa mbwa wa kijijini, wanyama wachache wa kinamasi watasalimikaje?

UGONJWA USIONGOJA

Sasa nije kwa watu, kwa kuwa najua hapa ndipo roho zetu zilipo.

Kichaa cha mbwa kilithibitishwa Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 1912, kwa mbwa mmoja karibu na Nairobi. Tangu wakati huo hakijatoka. Katika dunia nzima watu wapatao 59,000 hufa kila mwaka kwa ugonjwa huu. Na katika nchi yetu hukadiriwa kuwa waweza kufika 2,000 kwa mwaka. Karibu wote huumwa na mbwa, wala si na mnyama wa porini. Na katika kila watu 10 wanaokufa, 4 hivi ni watoto walio chini ya miaka 15, kwa sababu mtoto hucheza na mbwa, mtoto hukimbia, na kimo cha mtoto huuleta uso wake karibu na meno ya mbwa.

Ugonjwa huu hukaa katika mate. Mbwa akimwuma mtu, au akimlamba penye kidonda, vijidudu huingia, kisha hupanda polepole kwa njia ya mishipa ya fahamu hata kufika kwenye ubongo. Safari hiyo aghalabu huchukua miezi 2 au 3. Pengine huwa fupi zaidi, pengine hufika mwaka. Katika muda huo mgonjwa haoni kitu. Kidonda kimepona, watu wamesahau. Kisha aanza kuwashwa mahali pale pa zamani, apata homa, aogopa maji. Ishara hizo zikiisha kuonekana, karibu hakuna mtu aponaye. Hakuna daktari wa Busia, wala wa Nairobi, wala wa London, awezaye kumrudisha.

Tufanye mfano. Tuseme mtu wa upande huu ana mbwa, hakumchoma sindano wala hamfungi. Siku moja mbwa huyo amfuata mpaka kinamasini, akapigana na mbweha, akajeruhiwa mdomo. Bwana wake aona jeraha dogo, akalidharau. Majuma yapita. Mbwa abadilika, aacha kula, avuka mto, akamwuma mtoto wa upande wa Uganda anayechunga mbuzi. Watu wa huko wamfukuza, akafia porini. Mama wa mtoto aosha damu kwa kitambaa, akasema, "Ni mbwa tu." Hajui mbwa ni wa nani, hajui alichanjwa au hakuchanjwa, na hana wa kumwuliza, kwa sababu mwenye mbwa yuko nchi nyingine naye asema kwamba mbwa wake amepotea. Baada ya miezi 2 mtoto aanza kuogopa maji.

Katika mfano huu hapana mtu mwovu. Yuko mtu mmoja tu aliyeacha kamba nyumbani. Ndivyo vifo vya ugonjwa huu vijavyo: si kwa ubaya wa mtu, bali kwa uzembe mdogo uliosafiri mbali.

MFANO WA PEMBA

Je, ugonjwa huu waweza kukomeshwa? Waweza. Tangu mwaka 1885, Louis Pasteur wa Ufaransa alipomchanja kijana Joseph Meister aliyeumwa na mbwa, kinga imejulikana. Pasteur alikufa tarehe 28 Septemba 1895, na kwa ajili hiyo tarehe 28 Septemba ndiyo Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Tena yajulikana kwamba mbwa 7 katika kila 10 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kupita, ukazimika wenyewe kama moto uliokosa kuni.

Wenzetu wa Pemba, katika Zanzibar, wametuonyesha. Baina ya mwaka 2010 na 2014 mbwa wa kisiwa kile walichanjwa kwa bidii, na ugonjwa ukatoweka. Watu wakafurahi. Lakini mwaka 2016 ulirudi, nao haukuota katika mchanga wa Pemba, bali ulitoka nje ya kisiwa. Wakaanza tena kuchanja, na kufikia mwaka 2018 ukakomeshwa mara ya pili.

Basi tafakarini. Ikiwa kisiwa kilichozungukwa na bahari chaweza kuingiliwa na mbwa mgonjwa, sisi ambao bahari yetu ni Mto Malaba tutajitetea kwa nini? Serikali ya Kenya imeweka mpango wa kuukomesha ugonjwa huu kufikia mwaka 2030, mpango ulioanza mwaka 2014. Lakini mpango ulioandikwa Nairobi hauwezi kumshika mbwa wa Adungosi au wa Nambale. Mwenye kumshika ni wewe.

NAMNA YA KUTEMBEA NA MBWA

Sasa nitasema mambo yafaayo kufanywa, nayo si magumu.

Kwanza, mbwa asitoke nyumbani kwenda popote kabla hajachanjwa. Chanjo hurudiwa kila mwaka, na cheti chake hutunzwa pamoja na karatasi nyingine za nyumba. Tarehe ya chanjo ikitangazwa na chifu, mpelekeni mbwa akiwa amefungwa kamba, naye aongozwe na mtu mzima awezaye kumzuia. Mtoto mdogo asitumwe na mbwa mkubwa.

Pili, mbwa na avae mkanda shingoni. Mkanda ndio kitambulisho chake. Mbwa mwenye mkanda hujulikana kuwa ana bwana, na akimwuma mtu ataulizwa bwana huyo ni nani.

Tatu, mtu apitaye karibu na hifadhi, au kinamasi, au miamba ya Kakapel, amshike mbwa kwa kamba fupi. Kamba ya katani yatosha. Si lazima mnyororo wa dukani. Kusema "mbwa wangu hunisikia" si kamba. Mbwa hukusikia nyumbani. Akiona mnyama akikimbia, masikio yake hufungwa.

Nne, katika hifadhi za taifa mbwa wa kufugwa haendi kabisa. Saiwa ni mahali ambapo watu hutembea kwa miguu, na mtu aweza kudhani kwamba ruhusa ya miguu yake ni ruhusa ya mbwa wake. Sivyo. Mbwa na abaki nyumbani siku hiyo, apewe chakula na maji, na mlango ufungwe. Askari wa wanyamapori nao wana mbwa wao wa kazi, lakini hao wamefundishwa, wamechanjwa, na hawaachwi mkononi mwa mtu asiyejua.

Tano, fuateni njia iliyokanyagwa. Msikate njia mpya katika mafunjo, kwa maana njia ya mbwa leo ni njia ya mwindaji kesho. Na wakati ndege wanapotaga, kaeni mbali na matete.

Sita, kinyesi cha mbwa kisiachwe penye chemchemi, wala penye mto watu wanapoteka maji, wala njiani watoto wapitapo bila viatu. Kina mayai ya minyoo. Chimbeni kidogo, mkifukie.

Saba, kumbukeni wapita njia wenzenu. Wako wanaoogopa mbwa. Wako Waislamu wenye kujitunza na mate ya mbwa kwa ajili ya sala yao. Mkikutana njiani penye wembamba, mwenye mbwa ndiye asimame kando, amvute mbwa upande wake, na wenzake wapite. Waswahili husema, "Ukicheza na mbwa utaingia naye msikitini." Maana yake ni kwamba mbwa uliyemzoesha vibaya hatajua mahali pa kukuacha. Mzoeshe vizuri tangu angali mdogo.

MASWALI YA WATU

Huenda mtu akaniuliza, "Mbwa wangu ni mlinzi. Nikimfunga, wezi watafukuzwa na nani?" Namjibu hivi: mbwa afungwaye mchana na kufunguliwa usiku ndani ya ua ni mkali kuliko yule azururaye sokoni kutwa nzima, akarudi amechoka na kulala. Wezi hawaogopi mbwa aliye katika jaa la nyumba nyingine. Mlinzi asiyekaa lindoni ni mlinzi gani?

Mwingine atauliza, "Kwa nini nihangaike na nzohe? Wanyama wa mwitu hutuharibia mazao tu." Malalamiko hayo nayajua, wala siyadharau. Lakini kinamasi si cha nzohe peke yake. Mafunjo yale yale yanayomficha nzohe ndiyo yanayosafisha maji yetu, yanayozuia mafuriko, na yanayolea samaki wachanga ambao kesho watauzwa Sio Port. Watu wa Saiwa huwaonyesha wageni nzohe, na wageni huacha fedha. Kinamasi kisicho na mnyama wala ndege hakina wa kukitetea siku mtu atakapokuja kutaka kukikausha.

Wa tatu atasema, "Mbwa wazururao si wangu. Nifanye nini nao?" Swali hilo ni zuri. Wengi wa mbwa hao walikuwa na mwenyewe, wakaachwa walipozaliana kupita kiasi. Jambo la kwanza ni kusafisha jaa, kwa kuwa penye mifupa na matumbo ya kuku hapakosi mbwa. Jambo la pili ni kuwauliza watu wa mifugo habari za kuwahasi mbwa, ili watoto wasizaliwe kuliko wanaoweza kulishwa. Jambo la tatu ni kuwapeleka nao wachanjwe siku ya chanjo ikifika. Kuwaua ovyo kwa sumu hakusaidii, kwa sababu mahali pa mbwa aliyekufa huingia mwingine asiyechanjwa. Tena sumu ile huliwa na tai, na fisi, na pengine na mbuzi wa jirani.

Tena ijulikane kwamba iko Sheria ya Kichaa cha Mbwa, Sura ya 365 ya sheria za Kenya. Kwa sheria hiyo wakuu waweza kulitangaza eneo kuwa la hatari ya ugonjwa, na kuamuru mbwa wafungwe. Amri kama hiyo ikitolewa, si wakati wa kubishana. Lakini itakuwa heri tukiwafunga mbwa wetu kabla ya amri, kama mtu azibaye ufa kabla ukuta haujaanguka.

MBWA AKIISHA KUUMA

Pamoja na uangalifu wote, ajali yaweza kutokea. Basi shikeni maneno haya, na watoto wa shule wayashike kuliko wote.

Mtu akiumwa na mbwa, au akikwaruzwa hata damu kidogo ikatoka, kidonda kioshwe papo hapo kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka, kwa muda wa dakika 15. Dakika 15 ni ndefu kuliko mnavyodhani. Mtu na atazame saa. Wala kisipakwe majivu, wala mafuta ya taa, wala pilipili, wala kisifungwe kwa majani. Sabuni na maji hufukuza vijidudu vingi kabla havijaingia.

Kisha mgonjwa apelekwe hospitali siku ile ile, hata kama kidonda ni kidogo. Huko atachomwa sindano, na ataambiwa siku za kurudi kwa sindano nyingine. Arudi siku zote alizoambiwa. Mtu aliyechomwa sindano ya kwanza akaacha nyingine ni kama mtu aliyejenga nusu ya daraja.

Mbwa aliyeuma, ikiwa aweza kukamatwa bila hatari, afungwe na kutazamwa kwa siku 10, na afisa wa mifugo aarifiwe. Akiwa mzima baada ya siku 10, hofu imepungua sana. Akifa au akiugua, afisa yampasa ajue upesi. Na ikiwa mbwa amevuka kwenda upande wa pili, habari zake nazo zivuke. Mpelekeeni neno chifu, naye awaarifu wakuu wa upande wa Uganda. Katika jambo hili usimfiche mbwa wako kwa kuogopa kulipa gharama. Gharama ya kidonda yaweza kusemwa mbele ya wazee ikaisha. Gharama ya mtoto haina wazee wa kuimaliza.

MANENO YA MWISHO

Mbwa si adui. Amekaa na binadamu muda mrefu kuliko ng'ombe. Hulala mlangoni penu mvua inaponyesha, huwafahamu watoto wenu kwa harufu, hufurahi mrudipo hata kama mmerudi mikono mitupu. Wengi wenu mmempa mbwa wenu jina la Simba, na mna haki ya kumpenda. Lakini kumpenda mbwa si kumwachia njia yote. Mbwa hakuomba kufugwa, wala hakujichagulia kuishi kando ya hifadhi, wala hawezi kujipeleka kuchanjwa. Hayo yote ameyaweka mkononi mwenu.

Nawaombeni basi, kabla ya juma hili kwisha, kila mwenye mbwa afanye mambo matatu. Atafute cheti cha chanjo, aone tarehe yake. Asipokiona, aende kwa afisa wa mifugo aulize siku ya kuchanja. Asuke kamba. Na awakalishe watoto wake chini, awafundishe habari ya sabuni na dakika 15, awaulize mpaka wajibu bila kukosea.

Wale wa upande wa pili wa mto ni ndugu zetu. Watoto wao huja shuleni na sokoni kwetu, na wetu huenda kwao. Nao wakisikia kwamba mbwa wa upande wa Kenya wamefungwa na kuchanjwa, wataona haya kuwaacha wa kwao wakizurura. Na tuanze sisi.